Jiwe la kusagia lililo kinywani

Wapo wasomi wetu wanaoamini kwamba neno la sayansi halina budi kutisha. Hebu tulitazame jina ambalo Waingereza wameyapa magego: "molar". Mwanafunzi hulikariri, akafaulu mtihani, asijue kwamba ametaja kifaa cha jikoni. Asili yake ni neno la Kilatini "mola", yaani jiwe la kusagia nafaka. Warumi waliliona jino pana linaloponda chakula, wakalipa jina la chombo walichokizoea nyumbani. Basi. (Mola wetu Mwenyezi hahusiki hapa, maneno hayo yamekutana kwa sauti tu.)

Waingereza wenyewe hapo kale walikuwa na neno lao, "wangtooth", maana yake jino la shavuni. Wakaliacha, wakakopa la Warumi, na leo walio wengi hawalioni tena lile jiwe ndani yake. Ajabu ni kwamba neno lao la asili la unga wa nafaka, "meal", limechipuka katika mzizi ule ule wa kale wenye maana ya kusaga.

Sasa, ndugu mwalimu, sisi tunalo gego, na tunayo chonge, jino lililochongoka, jina linalojieleza vyema kuliko "canine", yaani la mbwa. Kwa nini basi mwanafunzi aaminishwe kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu ya mwili? Mwonyeshe jiwe la kusagia wimbi, kama bado lipo kijijini, kisha umwambie apanue kinywa.