Kutoka Pwani hadi Iringa: Safari Ndani ya Bahari ya Hewa

Kila shule zinapofungwa, familia nyingi za nyanda za juu huteremka pwani kupunga upepo. Watoto huogelea Kunduchi au Kigamboni, hunywa madafu, kisha huanza safari ndefu ya kurudi nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni mwendo wa kilomita 500 hivi, kupitia Chalinze, Morogoro, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na hatimaye kona za mlima Kitonga. Abiria wengi husinzia. Lakini kwa mwanafunzi wa sayansi, basi hilo ni maabara.

Tuanzie baharini. Mtoto anayepiga mbizi hadi kina cha mita 2 huhisi masikio yakimbana. Sababu yake ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za maji huongeza kanieneo, yaani msukumo juu ya kila kipimo cha eneo, kwa kiasi kinachokaribia kanieneo ya hewa yote iliyo juu ya ufuko. Mita 2, basi, huongeza sehemu moja ya tano.

Hewa nayo ina uzito. Mwaka 1644 Mtaliano Evangelista Torricelli alieleza kwamba uzito huo ndio unaoshikilia zebaki ndani ya mrija wa kioo, kwa kimo cha milimita 760 hivi. Ikiwa ndivyo, apandaye mlima huacha sehemu ya hewa chini yake, na zebaki haina budi kushuka. Tarehe 19 Septemba 1648 Florin Périer, shemeji yake Blaise Pascal, alilijaribu jambo hilo katika mlima Puy de Dôme, Ufaransa. Kileleni, mita 1,000 hivi juu ya mji alikoanzia, zebaki ilikuwa imeshuka kwa sentimita 8 na zaidi.

Msafiri wa Iringa hurudia jaribio hilo bila kujua. Mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huko zebaki husimama kwenye milimita 630 hivi. Yaani kanieneo imepungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Badiliko hili halipishani sana na lile la mpiga mbizi wa mita 2, ila moja ni ongezeko na jingine ni upungufu. Mbizi huchukua sekunde chache, safari huchukua saa nyingi, na kwa hiyo masikio hupata nafasi ya kujirekebisha. Ni Kitonga, ambako barabara hupanda kwa haraka, ndiko abiria huhisi masikio yameziba. Kumeza mate hufungua njia iliyopo kati ya sikio na koo, na hewa ikasawazika.

Jaribio lifuatalo halina gharama. Chukua chupa tupu ya plastiki, uifunge barabara ukiwa ufukoni kivulini. Ukifika Iringa utaikuta imekuwa ngumu, na ukilegeza kifuniko hewa itatoka kwa mlio. Je, si joto lililosababisha hayo? La. Hewa iliyopoa kutoka nyuzi 30 hadi 20 za sentigredi hupunguza kanieneo ndani ya chupa kwa asilimia 3 tu, wakati hewa ya nje imepungua kwa asilimia 17 hivi. Chupa iliyofungwa Iringa, kwa upande wake, hufika pwani ikiwa imebonyea.

Jambo hili lina uzito wake jikoni. Maji huchemka pale kanieneo ya mvuke wake inapolingana na ile ya hewa. Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Iringa kwenye nyuzi 95 hivi. Maharage yaliyoiva upesi pwani yatachelewa nyanda za juu, kwa sababu maji yenyewe si ya moto kiasi kile. Wapishi wengi huongeza mkaa. Hiyo ni hasara tupu: moto mkali huyageuza maji kuwa mvuke upesi zaidi, lakini hauyapandishi joto. Yafaa kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria ili joto lisipotee, na kupunguza moto mara maji yachemkapo. Sufuria ya presha hufanya zaidi ya hayo: hubana mvuke, ikaongeza kanieneo, na maji yakapita nyuzi 100 hata mlimani.

Walimu wa pwani na wa nyanda za juu waweza kushirikiana. Kila darasa lipime joto la maji safi yanayochemka, kisha waandikiane matokeo. Morogoro iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mbeya mita 1,700 hivi. Kabla ya kupokea barua, wanafunzi wakadirie: je, maji ya miji hiyo yatachemka kwenye nyuzi ngapi?