Kaye ya motokari: umeme wa Koni unatufikisha wapi?

Wamama, wengi wenu mnakumbuka siku tulipofungua sanduku la likelemba, tukabaki na swali moja tu: tununue ile motokari ya umeme na esansi, au tuendelee kulipa nafasi kwenye lori kila tunapopeleka samaki Likasi? Habari ililetwa na shemeji wa mwenzetu mmoja. Alikuwa na Toyota Prius ya mwaka 2017, usukani kuume, iliyotoka Japani, na alikubali tumlipe kidogo kidogo. "Inakwenda kilomita 68 bila tone la esansi," alisema. "Toka hapa mpaka Likasi ni kama hapo. Mtatembea na umeme wa mto wenu."

Maneno yale yalituingia. Mitambo ya Mwadingusha ilianza kutoa umeme mwaka 1930, na hii yetu ya Koni ikafuata mwaka 1950, chini yake kwenye mto uleule wa Lufira. Umeme huo ulitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya shaba. Nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na wengi wetu tunapika kwa makala hadi leo. Sasa mtu anakuambia umeme huo utakubebea samaki sokoni! Nani asingepiga vigelegele?

Mwenzetu mmoja anayefundisha hesabu ndiye hakupiga. Aliomba tuazimwe motokari kwa majuma manne, esansi juu yetu, na akachukua kaye ya masomo ya mwanawe. Kila safari aliandika kilomita za kuanzia, kilomita za kufikia, lita zilizoingia na umeme uliotumika. Mimi nilikaa naye safari zote nne, ndiyo maana nimepewa kazi ya kuwaandikia.

Motokari ya namna hii ina injini ya esansi kama nyingine, na pia ina betri kubwa unayoijaza kwa waya kutoka kwenye prizi ya nyumba. Betri ikiwa na nguvu unatembea kwa umeme; ikiisha, injini inaamka yenyewe na safari inaendelea. Kwa hiyo hukwami njiani kwa sababu ya betri. Unakwama kwa sababu ya esansi, na hilo tulijifunza vibaya, nitalisema.

Zile kilomita 68 si uongo wa shemeji. Ni hesabu ya Japani, inayopimwa kwa utaratibu mpole, mashine ikiwa imetulia, bila mashimo na bila magunia. Wamarekani walipoipima ya aina hiyohiyo kwa utaratibu wao walipata maili 25, yaani kilomita 40. Na msichanganye na ile iliyotangulia, ya mwaka 2012: betri yake ni nusu, kilowati-saa 4.4 mahali pa 8.8. Japani waliiandikia kilomita 26, Marekani 18. Kwa nje zote zinaitwa Prius. Mtu akikuuzia, muulize betri kwanza, rangi baadaye.

Kaye yetu ilisema hivi. Safari ya kwanza umeme ulitufikisha kilomita 34. Ya pili 36, maana tulizima hewa ya baridi na dereva hakukanyaga kwa hasira. Ya tatu sifuri. Ya nne 31, tukiwa na mzigo. Betri nayo imezeeka, hairudi ujana. Likasi iko zaidi ya kilomita 60 kutoka hapa, kwa hiyo hata siku nzuri kabisa umeme ulituacha katikati ya njia.

Lakini ukitazama kioo mbele ya dereva huwezi kujua. Unapotembea kwa umeme peke yake, kinakuonyesha kilomita 99.9 kwa lita moja, na hapo kinagota kwa sababu hakina nafasi ya tarakimu nyingine. Wenzangu walishangilia. Mwalimu akasema, "Hiyo ni kama kusema nyumba yangu haitumii makala, kumbe leo nimekula kwa jirani." Nazo kilomita za umeme zilizobaki, kioo kinazikisia kwa kutazama ulivyotembea jana. Ukipanda mlima leo, zinapungua mbele ya macho yako.

Njia ya kweli ni ya tangi. Jaza mpaka bomba la kituo likate lenyewe, andika kilomita. Tembea. Rudi kituo kilekile, jaza vilevile, andika lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Sisi kwa majuma manne tulitembea kilomita 600 kwa lita 30: kilomita 20 kwa lita. Vizuri sana! Lakini kati ya hizo 600, kilomita 101 zilikuwa za umeme, na umeme nao haukutoka bure. Ukiziondoa, esansi ilituvuta kilomita 499 tu, yaani kidogo zaidi ya 16 kwa lita. Hiyo ndiyo injini yenyewe kwenye vumbi letu. Umeme nao una hesabu yake: kila kujaza kulikula kama yuniti 7, basi zidisha 7 kwa bei unayolipa, gawanya kwa kilomita ulizopata. Weka namba hizo mbili kando kwa kando ndipo useme unaokoa.

Msidhani ni sisi tu tuliodanganywa na kioo. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa hesabu iliyokusanywa ndani ya motokari zenyewe, kwa maana kule sheria inataka zile mpya ziandike esansi zinayokunywa. Za aina hii zilikunywa mara tatu na nusu ya ilivyoandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Sababu kubwa ni kwamba watu hawazijazi umeme mara nyingi kama ilivyodhaniwa. Ikiwa Mzungu mwenye prizi karibu na mlango anasahau, sisi ambao umeme unakatika usiku tufanyeje?

Na hapo ndipo ile sifuri ilipotoka. Tuliichomeka jioni, umeme ukaondoka kabla hatujalala, hatukujua. Saa kumi na moja asubuhi mtoto wa mwenzetu alikuwa anawaka homa, tukakimbilia motokari. Betri tupu. Na tangini esansi ilikuwa kidogo mno, kwa sababu tulikuwa tumejiambia, "Si tuna umeme?" Tulizunguka tukigonga milango mpaka tukapata esansi ya kwenye chupa, kwa bei ya mwenye shida. Mtoto alitibiwa na yuko mzima, asante. Tangu siku ile kwenye jalada la kaye kumeandikwa kwa wino mwekundu: tangi lisishuke chini ya nusu.

Mambo mengine nayataja upesi. Ina viti vinne tu, na betri imekula nafasi ya mizigo. Tumbo lake liko chini, mawe yanalijua. Na Japani umeme wa nyumba ni volti 100, wetu ni 220. Fundi aukague waya wa kuchajia kabla hujauchomeka.

Basi Jumamosi tulipiga kura, tukamrudishia shemeji ufunguo. Lakini haikuondoka mbali. Yaya wetu anayekaa Likasi aliomba aione kaye. Yeye anazunguka Kikula, Panda na Shituru kupeleka mikate, na mwendo wake wa siku haufiki kilomita 30. Alihesabu mara mbili, akamshusha shemeji bei kwa ajili ya betri iliyochoka, akainunua kwa fedha zake. Ameanza kaye yake.

Fedha ya likelemba ipo sandukuni. Jumamosi ijayo tunazungumzia lori. Kaye yetu iko kwa katibu. Anayetaka kunakili mistari aje na kalamu yake.