Baiskeli ya Mashindano na Kinga ya Kenani

Mtu apitaye barabara itokayo Mansa kwenda Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, hukutana na baiskeli nyingi kabla hajaliona Ziwa Mweru. Nyingine zimebeba magunia ya makaa, nyingine mihogo, na zile zitokazo Kashikishi hubeba samaki wakavu waliofungwa kwa kamba za mpira. Wabemba huiita incinga. Wakongo wa Katanga husema kinga. Majina hayo mawili yalikutana Kenani, katika kituo walikopokelewa maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Katanga ya Juu na Tanganyika tangu mwezi Agosti 2017. Mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, wapate ardhi ya kulima. Mkimbizi aliyevuka na baiskeli yake alikuwa na shamba, zahanati na soko jirani naye. Asiyekuwa nayo alitembea.

Ulimwenguni yuko mpanda baiskeli wa namna nyingine kabisa, naye ni mwanariadha wa michezo mitatu. Katika mashindano yaliyoanzia Hawaii mwaka 1978, yaitwayo Ironman, mtu huogelea karibu kilomita 4, hupanda baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia kilomita 42, yote katika siku moja. Baiskeli yake imetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, na uzito wake aghalabu haufiki kilo 10. Usukani una vishikio viwili virefu vya kulalia viwiko, ili upepo usimpige kifuani. Gia hubadilishwa kwa umeme wa betri ndogo. Fremu hupelekwa kwa fundi wa rangi, akaipaka kwa matakwa ya mwenyewe, na jina lake likaandikwa ubavuni. Fedha inayotumika hapo ingenunua kinga za kijiji kizima, lakini hilo tumwachie mwenye fedha zake.

Tofauti kubwa imo katika meno. Tuchukue kinga yenye meno 44 mbele na 20 nyuma, na magurudumu ya inchi 28. Pedali ikizunguka mara moja, baiskeli husogea kiasi cha mita 4.8. Mwanariadha akitumia meno 54 mbele na 11 nyuma husogea zaidi ya mita 10. Hiyo ndiyo mbio. Lakini mfungie gunia la kilo 50 nyuma, umwelekeze kwenye mchanga wa Mantapala, atashuka asukume kama mwingine yeyote. Kinga ni ya chuma, ina gia moja, na ikipinda huchomelewa na fundi wa kijijini. Kaboni ikipasuka haichomelewi.

Hata hivyo baiskeli hizi mbili zina undugu. F. K. Day ni mmoja wa walioanzisha SRAM, kampuni ya Chicago iliyoanza mwaka 1987, ambayo gia na breki zake hufungwa katika baiskeli za wanariadha wakubwa. Mwaka 2005, baada ya gharika ya tsunami, yeye na mkewe walianzisha shirika la World Bicycle Relief, na mwaka uliofuata likaingia Zambia kuwapa baiskeli watu wa kujitolea waliowahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana baiskeli iitwayo Buffalo. Keria yake hubeba kilo 100, na breki ya nyuma imo ndani ya habu: mpandaji hukanyaga pedali kinyumenyume. Jambo hilo si dogo. Breki za vyuma zibanazo rimu hulegea mvua inyeshapo, na mama ateremkaye kilima na mtoto mgongoni na gunia nyuma hana cha kumsaidia ila breki.

Kuhusu rangi, wenye kinga nao hupamba, wakazungushia fremu utepe wa plastiki na kuandika jina kwenye madigadi. Lakini rangi hubanduliwa na mwizi kwa jioni moja. Alama ya kuaminika zaidi ni namba iliyogongwa kwenye chuma, mara nyingi chini ya ekseli ya pedali au penye bomba la kiti. Askari yeyote aliyewahi kuamua ugomvi wa baiskeli moja yenye wenyewe wawili anaijua thamani yake. Aliyekimbia usiku hakubeba stakabadhi ya duka. Akiikumbuka namba anayo hoja. Yafaa basi iandikwe penye karatasi mbili, moja ikae kwa mke.

Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani, na mizigo ya samaki hupungua. Hiyo ndiyo miezi ya kufungua habu, kuosha gololi kwa mafuta ya taa, kutia grisi mpya na kukaza spoki zilizolegea, kabla ya Machi.