NANI AMEHESABU?

Ndugu wafanyakazi, mwaka 2018 wakimbizi wa Nakivale walipanga mistari wakachukuliwa alama za vidole na picha za mboni za macho. Ilikuwa zamu yao kuhesabiwa upya. Vitabu vilionyesha kwamba Uganda nzima ina wakimbizi wapatao milioni 1.4, na misaada ilitolewa kwa hesabu hiyo. Zoezi lilipokwisha Oktoba, waliothibitishwa walikuwa milioni 1.1 hivi. Yawezekana wengine walikwisha kuhama. Hata hivyo somo ni hili: hesabu ya mwenye kufaidika nayo haitoshi mpaka mtu mwingine aikague.

Somo hilo lawahusu waajiri pia. Makampuni makubwa siku hizi huchapa taarifa ya uendelevu: maji yaliyotumika, taka zilizotupwa, watu walioumia kazini. Wenye mitaji huisoma kabla ya kutoa fedha zao. Lakini mwandishi ni kampuni yenyewe, na mwamba ngoma huvuta ngozi kwake.

Kwa sababu hiyo, Novemba 2024 bodi ya kimataifa ya viwango vya ukaguzi ilitoa kanuni ya ISSA 5000, ihusuyo vipindi vinavyoanza tarehe 15 Desemba 2026 au baadaye. Ukaguzi wenyewe ni wa namna mbili. Katika ule mdogo, mkaguzi hupekua kiasi, kisha husema tu kwamba hakuona kosa kubwa. Katika ule wa kina, hupima zaidi na kutamka kwamba taarifa ni sahihi. Tusiichanganye namna hizo.

Tutazame nyumbani. Mto Rwizi hupita Mbarara ukaelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, na maji ya Ziwa Nakivale hunywewa na wakimbizi. Kiwanda cha mjini kikiandika kwamba maji yake machafu yamesafishwa, ajuaye ukweli ni mfanyakazi anayefungua bomba zamu ya usiku.

Basi matawi yetu yadai mambo matatu. Mkaguzi aonane na wajumbe wa chama bila meneja kuwapo. Alione daftari la ajali. Awaulize na vibarua, wakiwamo wakimbizi, ambao Sheria ya Wakimbizi ya 2006 yawaruhusu kufanya kazi.

Mkaguzi asiyefika penye mashine amekagua karatasi tu. Tumfikishe.