Lugha ya Nyumbani na Mafunzo ya Walimu wa Chekechea: Mfano wa Kinubi cha Kibera

Mwalimu wa watoto wadogo hufundishwa chuoni kwamba elimu haina budi kuanzia pale alipo mtoto. Kauli hiyo ni njema, lakini katika mtaa wa Ayany na vijiji vya Kibera vilivyo jirani yake haimtoshi, maana darasa moja laweza kuwakusanya watoto waliolelewa kwa Kiluo, Kiluhya, Kikamba, Kigusii na Kinubi. Nia ya makala hii ni kuitazama hiyo ya mwisho.

Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari wa asili ya Sudan walioingizwa katika jeshi la K.A.R., wakapewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina la Kibera lenyewe latokana na neno lao kibra, yaani msitu. Lugha yao ni krioli ambayo msamiati wake kwa sehemu kubwa una asili ya Kiarabu, na Bernd Heine aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1982. Haina ngeli za majina kama zetu; nyakati huonyeshwa kwa vipashio vifupi vinavyotangulia kitenzi, kama vile bi kwa tendo lijalo na gi kwa tendo linaloendelea.

Tuchukue neno moja tu. Kwa Kinubi, moyo ni maji. Tuseme mtoto wa miaka 4 aliyeshikwa na kiu amwombe mwalimu moyo. Mwalimu asiyejua ataona kichekesho, au atadhani mtoto anaumwa kifuani. Ajuaye atampa kikombe, kisha atamtajia na neno la Kiswahili. Upatanisho wa kisarufi ni tatizo gumu zaidi. Mtoto akisema “kiti yangu”, je, ni athari ya Kinubi, au ni Kiswahili cha Nairobi anachokisikia kwa watu wazima kila siku? (Mwandishi huyu hakubali kwamba jambo hilo laweza kuamuliwa kwa kusikiliza sentensi moja.) Lililo wazi ni kwamba mwalimu asiyefunzwa kuuliza swali hilo ataliita kosa, na pengine uzito wa akili.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Mijini, penye mchanganyiko wa watu, Kiswahili ndicho kinachoshika nafasi hiyo. Sisi wapenzi wa Kiswahili twafurahia, na hapo ndipo penye mtego: tulilolilaumu kwa miaka mingi katika Kiingereza tunaweza kulitenda wenyewe kwa Kinubi. Wanubi wamekwisha kunyimwa vya kutosha. Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kuwa Kenya ilivunja haki za watoto wao katika suala la uraia. Hati ya ardhi ya jumuiya waliipata mwaka 2017.

Si kwamba njia haikupata kufunguliwa. Mradi wa elimu ya chekechea ulianzishwa katika Taasisi ya Elimu ya Kenya mwaka 1971, na kituo cha taifa cha elimu hiyo kikaundwa mwaka 1984. Walimu walifunzwa kwa miaka miwili huku wakiendelea kufundisha, na hadithi, nyimbo na michezo ya watoto ilikusanywa kutoka kwa wazazi katika lugha mbalimbali za nchi. Huo ndio msingi unaofaa kurejewa. Mwanafunzi wa ualimu atakayefundisha Ayany apelekwe kwa haboba, yaani bibi, akae akisikiliza jinsi anavyombembeleza na kumkanya mjukuu, ayaandike maneno. Kuwavika watoto gurbaba na kuwachezesha doluka siku ya wageni si mafunzo, ni maonyesho.

Wamaori wa New Zealand walipoanzisha kohanga reo mwaka 1982, wazee wenyewe waliingia darasani na lugha yao. Kwetu Katiba ya 2010 imekabidhi elimu ya chekechea kwa serikali za kaunti, na kaunti huajiri kwa cheti. Haboba hana cheti. Je, ataingia darasani kwa jina gani, na nani atakayemlipa?