Kihesabu programu

Kihesabu programu ni rejista ndogo ndani ya prosesa ya kompyuta inayoshika anwani ya mahali katika kumbukumbu ambapo agizo linalofuata litasomwa. Jina linapotosha kidogo, kwa sababu hakihesabu programu wala maagizo. Huonyesha mahali tu, kama kidole cha mtoto anayejifunza kusoma. Wanafunzi wengi hudhani kwamba agizo lenyewe hukaa humo, kumbe agizo huwekwa katika rejista nyingine, yaani rejista ya agizo.

Mfano mzuri ni prosesa ya 6502 ya kampuni ya MOS Technology, iliyotoka mwaka 1975 na kutumika katika kompyuta ya Apple II. Kihesabu chake kina biti 16, hivyo kinaweza kuonyesha anwani 65,536. Tuseme kinaonyesha 1000. Prosesa husoma baiti iliyopo hapo, na kihesabu kinakuwa 1001. Baiti hiyo ikiwa 169, maana yake ni "pakia namba inayofuata". Namba husomwa kwenye 1001, na kihesabu kinafika 1002. Hapo ikikutwa 76, ni agizo la kuruka: baiti mbili zinazofuata huwa anwani mpya, nayo huingizwa katika kihesabu. Bila kuruka, programu isingeweza kurudia kazi wala kuchagua njia.

Programu inapoita kijiprogramu, anwani ya kurudia huhifadhiwa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo rundo, kisha hurudishwa katika kihesabu kazi ikiisha.

Hapo ndipo penye hatari. Prosesa haiulizi kama baiti inayoonyeshwa ni agizo au data, huitekeleza tu. Mnamo Novemba 1988 programu ya Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, ilienea katika intaneti. Njia yake mojawapo ilikuwa kutuma baiti 536 kwa programu iliyotenga nafasi ya 512. Baiti za ziada zilifuta anwani ya kurudia iliyokuwa kwenye rundo, na kihesabu kikaelekezwa kwenye maagizo ya mvamizi. Baadaye prosesa nyingi zilipewa uwezo wa kukataa kutekeleza chochote kilichomo katika sehemu za kumbukumbu zilizotengwa kwa data.