Jivu Lililoonekana Limepoa

Sisi akina mama wa usharika wetu hapa mjini Moshi tuna desturi ya kusafisha kanisa na uwanja wake kila Jumamosi kwa zamu. Wengine huosha sakafu, wengine hupanga maua madhabahuni, na waliobaki hufagia nje. Septemba 2021 kiangazi kilikuwa kikali. Majani makavu yalijaa hadi mlangoni, na gari la taka lilikuwa halijapita kwa wiki kadhaa. Basi tulifanya kama tulivyozoea miaka yote. Tulikusanya lundo nyuma ya jengo, karibu na ua wa michongoma, tukatupia humo chupa za maji, kandambili zilizokatika na pempasi zilizoachwa chooni, kisha tukawasha kiberiti.

Ilipofika saa kumi na moja jioni moto ulikuwa umelala. Mmoja wetu alimwagia nusu ndoo ya maji, tukafunga kwa sala, tukarudi nyumbani kupika.

Kesho yake asubuhi, wakati wa shule ya Jumapili, mtoto wa kiume wa miaka 5 alikimbilia mpira nyuma ya kanisa. Alikuwa amevua viatu vyake vya ibada ili visichafuke, kama mama yake alivyomwagiza. Jivu lilikuwa la kijivu, limetulia, halitoi hata uzi wa moshi. Akaingia kwa miguu yote miwili. Tulikuwa tunaimba wimbo wa pili tuliposikia kilio chake.

Tunayaandika haya kwa ruhusa ya mama yake. Alituambia kuwa kama habari ya mwanawe itamfanya mama mmoja aende kuchungulia nyuma ya nyumba yake, basi na iandikwe.

Kilichofuata kinatuumiza hadi leo, kwa sababu tulikuwa wengi na wote tulitaka kusaidia. Mmoja alikimbilia dawa ya meno. Mwingine alitoa mafuta ya kujipaka kwenye pochi. Yuko aliyeagiza yai. Mtoto alifikishwa hospitali nyayo zake zimepakwa vitu vitatu, na muuguzi alilazimika kuviondoa vyote kabla ya kuuona mguu wenyewe. Hakutukemea, ila aliuliza swali moja tu: hapo kanisani hakuna bomba? Bomba lilikuwepo, hatua 10 kutoka pale mtoto alipoungulia.

Akina mama wenzetu, jambo hili tumelijifunza kwa gharama. Aliyeungua apelekwe kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, akae hapo dakika 20, na ukiona ni muda mrefu mno, endelea tu. Barafu haifai. Vua viatu, soksi au bangili mapema kabla ya uvimbe. Malengelenge usiyapasue. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, na ikiwa ni mtoto, au kilichoungua ni uso, mikono au miguu, nenda hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Wiki ile ile bwana afya alikuja kanisani. Tulidhani amekuja kututoza faini, tukamkaribisha kwa chai tukiwa na hofu. Alikunywa chai, kisha akatuuliza kama tunajua sheria ndogo za taka za mji wetu. Tulitazamana. Wengi wetu tulijua ada ya taka ya kila mwezi, basi.

Akatueleza kwamba Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Mamlaka za Miji ya 1982, inazipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kwamba mambo ya taka na usafi ni miongoni mwa yale yanayotungiwa. Ipo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayozipa mamlaka za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Kwa wale wenye mashamba pembezoni, Sheria ya Misitu ya 2002 inazungumzia uchomaji wa majani na vichaka na habari ya kuomba kibali. Sisi tulikuwa tukidhani makatazo ya moto ni ya watu wa vijijini wanaosafisha mashamba, wala si ya mama anayefagia uwanja wake mwenyewe. Sheria ndogo hutofautiana mji kwa mji, kwa hiyo yafaa kwenda ofisi ya mtendaji wa mtaa au kata na kuuliza. Ni karatasi za wananchi. Mtu asione haya kuomba kuzisoma.

Hapa tuseme ukweli. Mmoja wetu alimjibu bwana afya kwa ukali kidogo, kwamba sheria ni nzuri lakini gari lisipopita taka ziwekwe wapi, chini ya kitanda? Tuliona swali lake ni la haki, na bado tunaona hivyo. Anayelipa ada anastahili kupata huduma. Lakini hata kama kosa la kwanza lilikuwa la wenye gari, kiberiti kilikuwa mkononi mwetu.

Wakaazi wa Moshi hatuna sababu ya kuudharau moto wa kiangazi. Oktoba 2020, mwaka mmoja tu kabla ya hayo, tulisimama nje usiku tukitazama mstari mwekundu juu mlimani Kilimanjaro. Moto ule ulianza eneo la Whona, kwenye njia ya wapanda mlima kati ya Mandara na Horombo, na mamia ya watu walipanda kuuzima kwa siku nyingi. Tuliuombea mlima ibadani. Hakuna aliyefikiri juu ya lundo la nyuma ya kanisa.

Tena kuna moshi wenyewe. Tulikuwa tukiona kwamba moshi unafukuza mbu, basi ni wa faida. Kumbe plastiki inayoungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu, mojawapo huitwa dioksini, ambayo hutua kwenye udongo na jivu na kukaa muda mrefu. Kuku wetu hupekua pale pale, sumu ikaingia kwenye mafuta ya mwili na mayai, na yai hilo ndilo tunalompa mtoto ili apate afya. Mtoto mwenye pumu hana pa kukimbilia, wala mama mjamzito wa nyumba ya pili. Hatutaji hapa betri na makopo ya dawa ya mbu, ambayo hulipuka.

Katika kipindi chetu cha Neno tulisoma Kutoka 22:6, habari ya moto unaoshika miiba na kuteketeza nafaka ya mwingine, na kwamba aliyeuwasha hana budi kulipa. Kulikuwa kimya. Nani aliwasha? Tulikuwa tumelizunguka lundo sote. Tuligawana gharama za hospitali kwa usawa, na mama wa mtoto, ambaye naye alikuwa na fagio siku ile, alisisitiza kutoa fungu lake. Tulikataa, akalia, tukalipokea.

Siku hizi majani tunayaingiza kwenye shimo la mboji nyuma ya kanisa, yanalala na maganda ya ndizi na samadi kidogo. Bustani ya maua haijawahi kupendeza hivi. Chupa za plastiki wanachukua vijana wanaouza kwa kilo. Pempasi ndizo zinazotusumbua. Zinafungwa kwenye mfuko wa taka hadi gari lije, na lisipokuja wawili wetu huenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na wakirudi bure huenda tena. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114, tumeiandika kwa rangi nyekundu mlangoni mwa jiko la kanisa. Na jivu la jiko hilo, maana kuni bado tunatumia siku za sherehe, hukorogwa kwa maji na kijiti, likamwagiwa tena, na mtu huligusa kwa mgongo wa mkono kabla hatujaondoka.

Kazi hiyo ya kugusa ameichukua mama wa mtoto. Hakuombwa na mtu. Mwanawe alitembea vizuri baada ya miezi kadhaa, ingawa nyayo zina makovu, na kwenye mpira ni yeye anayekimbia mbele ya wenzake, siku hizi akiwa na viatu.